Mjomba anataka nyuzi nene, mkono wangu unaumia: niweke seti gani kwenye gitaa?

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 26, mpiga gitaa la solo katika bendi ya rumba inayotumbuiza hapa Nairobi kila Ijumaa na Jumamosi usiku. Kiongozi wa bendi ni mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuja kutoka Tanga katika miaka ya 1970, wakati wanamuziki kadhaa wa kwao walipohamia huku kutafuta vilabu na studio. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika gitaa, na alipoacha kupiga solo na kubaki mwimbaji alinikabidhi gitaa lake la umeme aina ya Stratocaster mbele ya bendi nzima. Sina gitaa jingine.

Pamoja na gitaa nilirithi kanuni yake. Mjomba hukubali seti moja tu ya nyuzi, ile tunayoiita kumi na moja, yaani uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.011 na wa sita wenye 0.049. Husema kwamba nyuzi nyembamba hazina mwili wa sauti, hukatika katikati ya sebene (ile sehemu ya haraka ya wimbo inayoongozwa na magitaa), na humdekeza mpigaji. Kila Ijumaa kabla ya onyesho hulichukua gitaa, hulipiga kidogo kuhakikisha tyuni, kisha hunirudishia. Kwa hiyo siwezi kubadilisha nyuzi asijue, na wala sitaki kumficha.

Tatizo ni mkono wangu wa kushoto. Tunapiga kuanzia saa tatu usiku hadi karibu na alfajiri tukiwa na mapumziko mafupi, na kwa miezi kadhaa sasa, ikifika saa saba za usiku, shina la kidole gumba huanza kuuma, kisha kifundo cha mkono hukakamaa. Asubuhi vidole huwa vigumu kukunjika. Kinachonishangaza ni kwamba Jumapili hiyo hiyo hupiga kanisani katika kikundi cha sifa, kwa gitaa hilo hilo na nyuzi hizo hizo, na maumivu hayaongezeki. Wakati mwingine hata hupungua. Kanisani tunashusha tyuni nusu toni, kwa sababu kiongozi wetu wa nyimbo ana sauti ya chini na mpiga kinanda hupendelea funguo ambazo, katika tyuni ya kawaida, haziniachii uzi wa kupiga bila kuushika.

Juu ya hayo, rafiki zangu wa tangu sekondari wameanzisha kikundi cha roki nzito na wamenialika. Wao hushusha nyuzi zote toni nzima, na uzi wa sita huushusha toni nyingine zaidi hadi noti ya C. Nikifanya hivyo kwenye gitaa langu, uzi huo hulegea na kugonga freti, vile vyuma vilivyopangwa kwenye shingo, na nikiupiga kwa nguvu sauti yake hupanda kwanza kabla ya kutulia. Wananiambia niweke seti inayoishia 0.056. Ijumaa ikifika nami nikirudisha tyuni ya kawaida, gitaa halitulii: nikimaliza uzi wa kwanza, wa sita umeshabadilika.

Niliwahi kuazima gitaa lenye seti ya tisa. Vidole vilipata raha, lakini kwenye mdundo wa haraka, kila nilipogonga kwa nguvu, noti zangu zilipanda juu kidogo ya zile za gitaa la ridhimu, na mpiga ridhimu akanitazama. Tangu hapo najiuliza kama mjomba ndiye aliye sahihi na mimi ni dhaifu tu.

Naomba unisaidie. Niweke nyuzi gani zitakazofaa kazi hizi tatu? Je, nikibadilisha nyuzi za gitaa alilonikabidhi mzee wangu, nitakuwa nimemkataa yeye? Au niache kikundi kimoja ili mambo yawe mepesi?

Ni mimi,
Mpiga Solo, Nairobi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja hadi yakaonekana kuwa moja. La kwanza linahusu waya, mbao na mkono: una gitaa moja, tyuni tatu, na maumivu yanayokuja kila mwisho wa juma. La pili linahusu mtu uliyemheshimu tangu utotoni, ambaye alikupa kitu chake cha thamani pamoja na namna ya kukitumia. Ningependa tuyatenganishe kwa muda, tuanze na lile la waya, kwa sababu naona ukishalielewa vizuri utakuwa na maneno bora ya kuzungumza na mjomba.

Tuanzie Jumapili, maana pale umegusa jambo kubwa na ukalipita haraka. Kidole hakihisi namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Kinahisi mvutano wa uzi, na mvutano hutokana na mambo matatu kwa pamoja, yaani uzito wa uzi, urefu wake kutoka kichwa cha shingo hadi kwenye daraja linaloshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa, na kiwango cha sauti ulichoutyuni. Kwenye gitaa kama lako, ambalo urefu huo ni inchi 25.5, seti ya tisa hadi 42 katika tyuni ya kawaida huvuta jumla ya karibu kilo 39, seti ya kumi hadi 46 karibu kilo 47, na seti yako ya kumi na moja karibu kilo 54. Sasa angalia kinachotokea ukishusha tyuni. Mvutano hufuata mraba wa masafa ya sauti, kwa hiyo nusu toni moja peke yake hupunguza karibu asilimia 11, na toni nzima hupunguza karibu asilimia 21. Seti yako ya kumi na moja, ukiishusha nusu toni kanisani, inavuta takriban kilo 48. Kwa maneno mengine, kila Jumapili mkono wako umekuwa ukipiga kitu kinacholingana sana na seti ya kumi katika tyuni ya kawaida, bila wewe wala mjomba kujua.

Sisemi kwamba tumeshapata jibu. Ibada ni fupi kuliko usiku mzima wa rumba, nyimbo za kuabudu mara nyingi huenda polepole, na huenda kanisani unapiga akordi nyingi zaidi na mistari michache ya mbio. Mambo mawili yamebadilika kwa wakati mmoja, kwa hiyo hatuwezi kuuhukumu uzi peke yake. Hata hivyo jambo hilo linatosha kukufanya usite kabla ya kujiita dhaifu. Mtu anayebonyeza nyuzi za kilo 54 kwa saa nyingi usiku, wiki baada ya wiki, na kisha akaumwa, anaweza kuwa anafanya kazi kubwa kuliko inavyohitajika, na hilo ni jambo la kupimwa, si la kuonea haya.

Ningependa pia tuliguse wazo kwamba uzi mnene ni sauti nene na uzi mwembamba ni sauti nyembamba. Lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo ni mdogo kuliko tunavyorithishana. Chuma kingi zaidi kikitikisika juu ya pikapu, yaani kile kifaa cha sumaku kinachonasa sauti ya nyuzi, hutoa nguvu zaidi, na hilo utalisikia ukipiga sauti safi isiyokwaruzwa, kama ilivyo kwenye rumba; lakini sehemu ya tofauti hiyo unaweza kuirudisha kwa kuinua pikapu kidogo au kurekebisha amplifaya. Tony Iommi wa Birmingham, ambaye wapiga roki nzito wengi wanamhesabu kuwa baba wa sauti yao, alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana wa miaka 17, akalazimika kutumia nyuzi nyepesi, na baadaye akashusha tyuni toni moja na nusu ili zilegee zaidi. Sauti aliyoitoa hakuna aliyeiita nyembamba. Upande wa pili yupo Stevie Ray Vaughan wa Texas, ambaye hutajwa kila mara panapozungumzwa nyuzi nene kwa sababu alitumia hata seti ya kumi na tatu. Wanaomtaja mara nyingi husahau kwamba alishusha tyuni nusu toni. Bado nyuzi zake zilikuwa ngumu kuliko zako, na vidole vyake vilipata majeraha yake. Kwa hiyo mifano ya wakubwa haitakuchagulia seti, maana kila mmoja alifika kwenye nyuzi zake kwa njia ya mwili wake na muziki wake.

Hapo ndipo tunapomfikia mjomba wako kama fundi, kabla ya kumfikia kama mzee. Sababu zake tatu nimezitazama moja moja, na sioni hata moja iliyo ya ukaidi. Mpiga solo wa rumba hugonga nyuzi kwa nguvu na kwa haraka, mara nyingi mbili kwa pamoja, juu ya shingo, na ridhimu na besi zimemzunguka zikiwa safi kabisa. Uzi uliolegea, ukigongwa hivyo, hupanda sauti kwa sekunde ndogo kisha hushuka, na sikio la msikilizaji hulikamata hilo hata kama hawezi kulieleza. Ndilo jambo lililokutokea ulipoazima gitaa la tisa. Mpiga ridhimu alikutazama kwa haki, lakini alichokuwa anakisikia ni mkono uliozoea kilo 54 ukiigonga seti ya kilo 39 kwa nguvu ile ile. Ungekaa na nyuzi hizo kwa muda, huenda mkono ungejifunza kugonga kwa upole. Pia huenda upole huo ungeiondolea sebene yenu ukali wake. Hilo sikio lenu ndilo linaloweza kulijua.

Kuna jambo jingine linalomuunga mkono mjomba. Faida kubwa ya nyuzi nyembamba, ile iliyozifanya zipendwe baada ya Ernie Ball kuanza kuuza seti nyepesi huko California mwaka 1962, ni urahisi wa kuuvuta uzi kwa upande ili noti ipande, kama wanavyofanya wapiga bluzi na roki. Rumba haitegemei sana mvuto huo. Mwanamuziki wa bluzi akitoka kumi na moja kwenda tisa anapata karibu lugha mpya; wewe utapata nafuu ya kubonyeza, ambayo ni ya kweli, ila ni ndogo kuliko hiyo. Ndiyo maana nasita kukubaliana nawe moja kwa moja kwamba ugonjwa wa mkono wako ni unene wa nyuzi.

Kabla hujatoa hata shilingi moja dukani, ningekuomba upime nyuzi zimeinuka kiasi gani juu ya shingo. Chukua rula nyembamba, uisimamishe kwenye freti ya 12, uangalie nafasi iliyopo kati ya kilele cha freti na tumbo la uzi. Kwenye gitaa la umeme la aina yako, milimita 1.6 hadi 2 ni nafasi ya kawaida. Ukikuta milimita 3, basi vidole vyako vinashuka safari ndefu kwa kila noti, na seti yoyote utakayoweka itakuumiza. Kisha bonyeza kila uzi kwenye freti ya tatu na utazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza: ikiwa ni kubwa kuliko unene wa karatasi mbili tatu, mifereji ya kichwani inayoshikilia nyuzi haikuchongwa vya kutosha, na akordi zote za freti za mwanzo zitakuchosha kidole gumba, hasa zile za kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote. Gitaa lililopita mikononi mwa mpigaji mmoja kwa miaka mingi huwa limewekwa kwa mkono wake. Fundi mzuri wa magitaa anaweza kushusha nyuzi na kukaza au kulegeza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo bila kugusa unene wa nyuzi anaoupenda mjomba. Inawezekana kabisa kwamba hapo ndipo nusu ya maumivu yako ilipo, na kwamba mgogoro wa kumi na kumi na moja ukapoa wenyewe.

Tuseme umepima, ukakuta kila kitu kiko sawa, na mkono bado unauma. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kushuka hadi seti ya kumi. Uzi wa kwanza utashuka kutoka karibu kilo 9 hadi kilo 7 na kidogo, na tofauti hiyo utaihisi usiku wa kwanza. Ijumaa itakuwa kama Jumapili yako ya sasa, ambayo tayari unaipenda. Hasara itajitokeza kwingine: kanisani, ukishusha nusu toni, utabaki na kilo 42 hivi, na kwenye roki uzi wa sita wa 0.046 ukishushwa hadi C utavuta kilo 5 tu, ulegee kuliko huu unaokusumbua leo. Zipo pia seti za nusu namba, kama 10.5 hadi 48, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu waliosimama hapo katikati, ila si kila duka la ala za muziki huwa nazo, na si vizuri kutegemea kitu ambacho hutakipata uzi ukikatika Ijumaa mchana.

Njia ya pili ni seti mseto, yenye nyuzi tatu nyembamba za seti ya kumi juu na tatu nene chini zinazoishia 0.052. Kwa mpiga solo wa rumba, ambaye kazi yake kubwa iko kwenye nyuzi tatu za kwanza, nafuu inakuja mahali panapohitajika, na uzi wa 0.052 ukiwa kwenye C utavuta kilo 6 na zaidi, ambayo si nyingi lakini inapigika kwa mkono wa wastani. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba jumla ya mvutano wa seti hii hukaribia ule wa kumi na moja, hivyo shingo na springi za daraja hazitashtuka sana. Walakini upande wa besi utakuwa mgumu zaidi ya ulivyo sasa, na akordi za kulaza kidole zitakudai nguvu upande huo. Kama maumivu yako huja zaidi wakati wa akordi kuliko wakati wa solo, seti hii inaweza kuyaongeza. Barua yako haikusema ni wakati gani hasa, nami naomba ulichunguze hilo Ijumaa ijayo.

Njia ya tatu sikuiona kwenye barua yako, na kwangu mimi ndiyo inayostahili kujaribiwa mapema, kwa kuwa haigharimu zaidi ya kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo. Acha seti ya kumi na moja, utyuni gitaa nusu toni chini kwa wiki nzima, na Ijumaa uweke kapo kwenye freti ya kwanza. Utapata sauti za tyuni ya kawaida, lakini nyuzi zitakuwa na mvutano ule ule wa Jumapili, kwa sababu sehemu inayotikisika imefupishwa. Mjomba atalikuta gitaa na nyuzi zake, vidole vyako vitapata kilo 48, na daraja halitavurugwa kati ya Jumamosi na Jumapili. Bei yake ni hii: unapoteza freti moja ya juu, alama za kwenye shingo zinasogea hatua moja na macho lazima yazoee, na kapo ikibana kupita kiasi huzipandisha nyuzi kidogo. Baadhi ya wapiga solo hawaipendi kapo kabisa, wakiona inawanyima nafasi karibu na kichwa cha shingo. Jaribu nyumbani kwanza, nyimbo zote za onyesho, kabla hujapanda nayo jukwaani.

Nije kwenye roki. Kutotulia kwa gitaa lako siku ya Ijumaa kunatokana na lile daraja la springi. Upande mmoja nyuzi zinavuta, upande wa nyuma ya gitaa springi zinavuta, na daraja husimama pale nguvu hizo zinapolingana. Ukibadilisha uzi mmoja, daraja linasogea na nyingine zote zinabadilika. Fundi anaweza kuzikaza springi hadi daraja lilale juu ya mbao na lisinyanyuke, na hapo kubadilisha tyuni kunakuwa rahisi zaidi, ingawa utapoteza mtikisiko wa mkono wa daraja kwa kuupandisha juu. Kuhusu seti ya 0.056 ambayo rafiki zako wanakushauri, kwa tyuni yao ushauri huo ni mzuri, kwa sababu unarudisha uzi wa sita kwenye zaidi ya kilo 7. Lakini fikiria mambo mawili. Uzi huo huo ukiupandisha Ijumaa hadi E, noti yake ya kawaida, utavuta zaidi ya kilo 11. Vilevile mfereji wa kichwani uliochongwa kwa 0.049 hautaupokea bila kupanuliwa, na mfereji ukishapanuliwa haurudi. Uzi mwembamba utakaowekwa baadaye unaweza kucheza ndani yake na kukwaruza. Kwenye gitaa la kurithi, hilo ni jambo la kuomba ruhusa. Naona ni salama zaidi kama rafiki zako wangekutafutia gitaa la pili, hata la bei ya chini na hata la kuazima, likae na nyuzi zake nene na tyuni yake wakati wote. Likiwa na urefu mfupi wa nyuzi, kwa mfano inchi 24.75 kama magitaa mengi ya Gibson, mvutano utapungua kwa takriban asilimia 6 na nyuzi italazimu ziwe nene kidogo zaidi.

Sasa mjomba. Umeandika kwamba unaogopa kubadilisha nyuzi kutaonekana kama kumkataa, lakini hujaandika kwamba umewahi kumwambia mkono wako unauma. Je, anajua? Ninauliza kwa upole, kwa sababu nahisi huenda anailinda kanuni ambayo wewe umeificha gharama yake. Mtu aliyekabidhi gitaa lake mbele ya bendi nzima alikuwa anaukabidhi pia mkono utakaolipiga, na sidhani angependa mkono huo uharibike. Pengine pia kinachomsumbua hasa si unene. Alipiga wakati ambao pakiti moja ya nyuzi ilikuwa mali, na uzi unaokatika jukwaani ulimwachia mtu nyuzi tano hadi mwisho wa usiku. Uzi mnene ulidumu. Ikiwa hofu yake ni kukatika, unaweza kuitibu kwa kubadilisha nyuzi mapema na kuwa na za akiba kwenye mkoba. Ikiwa hofu yake ni sauti, mruhusu aisikie: mwombe akae mezani mwa ukumbi wakati wa mazoezi, upige sebene moja kwa nyuzi za sasa na siku nyingine kwa unazozifikiria, bila kumtajia namba kwanza. Na ukipenda, muulize juu ya wapiga ridhimu wa Kongo waliouondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba uliotyuniwa oktava moja juu, mtindo unaojulikana kama mi-composé. Muziki anaoupenda una historia ya watu waliochezea seti zao ili kupata walichokitafuta, na yeye anaweza kuwa na hadithi zake ambazo hujawahi kuzisikia.

Huenda akasikiliza na bado akasema kumi na moja. Hapo utakuwa na uchaguzi wa mtu mzima: kukubali na kutafuta nafuu kwa kapo, kwa kushusha nyuzi karibu na shingo na kwa mapumziko marefu zaidi kati ya vipindi, au kutafuta gitaa lako mwenyewe ambalo kanuni zake utazitunga wewe, huku la kwake likibaki kama alivyolitaka. Yote mawili yana heshima ndani yake. Kuhusu kuacha kikundi kimoja, barua yako inazungumza juu ya bendi na kanisa kwa undani, na juu ya roki kwa sentensi chache. Lakini mwaliko wa marafiki wa zamani una uzito wake pia, nami sitakupimia.

Utakapobadilisha chochote, fanya mwanzoni mwa wiki ili shingo na springi zipate siku kadhaa za kutulia, na umwombe fundi arekebishe urefu wa kila uzi kwenye daraja, kwa kuwa unene mpya au tyuni mpya huharibu usahihi wa noti za juu ya shingo, pale pale sebene inapopigwa.

Jambo la mwisho silitaki lisubiri mazungumzo yoyote. Maumivu kwenye shina la kidole gumba yanayorudi kwa miezi, pamoja na vidole kukakamaa asubuhi, yanahitaji kuonwa na daktari au mtaalamu wa viungo, na ukipata ganzi au ukaanza kuangusha vitu, nenda siku hiyo hiyo. Mwambie unapiga gitaa saa ngapi kwa usiku na umwonyeshe jinsi unavyolishika, ikiwezekana ukiwa nalo. Kisha niandikie alichosema, na uniambie pia ile rula ilisoma milimita ngapi.

Mshauri wako